Brain Workshop baada ya zamu tatu za usiku

Huu ni mwezi wa pili naitumia Brain Workshop, programu ya mchezo wa kupima kumbukumbu, kwenye laptopu ya mume wangu. Naisifu kwa jambo moja: imenionyesha hali yangu halisi ninapotoka wodini saa moja asubuhi nikiapa kwamba sijachoka.

Ni ya bure. Kiboksi kinawaka, sauti inataja herufi, nawe unabonyeza kama kimoja kati ya hivyo kimefanana na cha hatua mbili nyuma. Inapima kumbukumbu ya kazi, yaani kile kidaftari cha kichwani kinachoshika mambo machache huku ukiyapigia hesabu. Kwetu wauguzi hicho ndicho kitendea kazi. Dripu ya mililita 1,000 kwa saa 8, kwa seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Unayahesabu macho kwenye saa, ndugu wa mgonjwa wa jirani anakuita. Kuna usiku wa tatu nilifika katikati ya dakika, namba ikapotea. Nikaanza upya. Ikapotea tena.

Nikilala vizuri napata asilimia 80. Baada ya zamu tatu nilipata 54. Mwenzangu tunayepangwa naye zamu moja alishuka kutoka 78 hadi 72 tu, nami nikaona aibu kwelikweli. Kilichonituliza ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, wa mwaka 2007. Walikesha na watu 24 waliochaguliwa kwa jeni ya PER3, mojawapo ya jeni za saa ya mwili. Ina kipande kinachojirudia mara 4 kwa wengine, mara 5 kwa wengine. Waliorithi kile kirefu kwa baba na kwa mama ndio waliolemewa zaidi, hasa alfajiri. Sijapimwa vinasaba, na programu hii haiwezi kukwambia umerithi kipi. Ila sijiiti tena mzembe.

Angalizo: siku za mwanzo alama hupanda kwa mazoea tu, kwa hiyo cheza kama wiki mbili kwanza ndipo ulinganishe. Na usiitumie kama dawa ya usingizi uliokosa. Mimi siku hizi naandika idadi ya matone kwenye plasta ya dripu kabla sijaanza kuhesabu, na dozi za watoto namwomba mwenzangu azihakiki, hata kama ni saa kumi alfajiri na amekaa chini kwa mara ya kwanza.