Jela ya Breda: achana na kufuli, ongea na watu

Wakuu, kama uko Uholanzi au una safari ya huko na unapenda hii michezo ya kufungiwa ndani halafu mtafute namna ya kutoka, Prison Escape ya Breda usiiache. Vyumba vya hivi nimeshacheza, vingi ni kufuli za namba na mafumbo ya karatasi, saa moja ikiisha mnapiga picha mnasepa. Huku anayekuzuia ni mtu na atakayekutoa ni mtu, kuna waigizaji kwa makumi na hakuna hata mmoja anayetoka kwenye uhusika wake.

Jengo lenyewe sasa. Hii ni jela ya ukweli, ilifunguliwa 1886 ikaja kufungwa 2014, duara kubwa lenye kuba juu, selo zimezunguka ukuta mzima, yaani askari akisimama pale katikati milango yote anaiona, ndivyo walivyokusudia tangu mwanzo. Wahalifu wa kivita wa Kijerumani walifungwa humu, wawili wa mwisho wakaachiwa 1989. Kwa hiyo mlango ukibamizwa nyuma yako aisee ule mlio unaingia mpaka kwenye mifupa.

Mnavalishwa ovaroli za rangi ya chungwa, mnapigwa picha za kihalifu, mnatenganishwa na washkaji zako, mchezo unakula kama masaa 3. Mimi nikaangukia kwa mfungwa mmoja mtu mzima, muda wote anakunja shuka. Nikamuuliza njia ya kutoka, kimya. Basi nikashika upande wa pili wa shuka tukakunja wote, tukapiga stori za binti yake, taratiiibu akaanza kunitajia afande gani anadaiwa na nani. Afande mwenyewe akapita, akasimama mlangoni, haniangalii usoni, ananiangalia mikono, nikajikuta naificha na wala sijashika kitu! Huyo jamaa anajua kuigiza kinoma.

Wanaoharibu ni wachezaji. Kuna watu wanaingia wanapekua magodoro na kuvuta mabomba kama wanatafuta funguo, muigizaji anawapa njia kabisa wao hawamsikilizi, halafu mwisho wanalalamika mchezo mgumu. Msikilizeni mtu, muulizeni habari zake, mbembelezeni, mdanganyeni ikibidi.

Ila kama unaogopa sehemu za kubana au wewe au ndugu yako mmeshawahi kukaa mahabusu, fikiria vizuri kwanza, siyo utani. Dada mmoja kwenye kundi letu alizidiwa akaanza kulia, afande aliyekuwa anafoka akabadilika hapohapo, akamshika mkono akamtoa nje, akamletea maji akakaa naye mpaka akatulia. Kwa hilo peke yake nawapa nyota zote 5.

Ukikata tiketi hakikisha siku hiyo wanacheza kwa Kiingereza kama Kiholanzi hakipandi. Kutoka Rotterdam ni kama nusu saa kwa treni, na vaa raba maana kuna kukimbia.