Ufadhili Unaofika Kabla ya Muhula: Tathmini ya Mwanafunzi wa Mlimani

Mfuko wa ufadhili ninaoutathmini hapa unaendeshwa na watu binafsi, una ofisi yake jijini Dar es Salaam, na ndio unaonisomesha shahada ya kwanza ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunachokiita Mlimani. Jina lake nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa ninayoyakosoa nimekwisha kuwaandikia wahusika wenyewe, na ninayoyasifu yanaweza kumsaidia mwombaji kuupima mfuko mwingine wowote. Kipimo changu ni kimoja: ufadhili una thamani kwa kadiri unavyomwondolea mwanafunzi mashaka, ili akili yake ibaki kwenye masomo.

Kwa kipimo hicho, kinachoupa mfuko huu sifa kubwa kuliko kiasi cha fedha ni tarehe ya malipo. Ada hulipwa moja kwa moja chuoni, na posho ya kujikimu ya muhula mzima huingia benki kabla usajili haujaanza. Asiyewahi kusoma chuo katika jiji hili huenda asione uzito wa jambo hilo. Mwanafunzi aliyekosa nafasi katika hosteli za chuo hulazimika kupanga chumba Changanyikeni, Makongo, Savei au Sinza, ambako wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na hutaka kabla hujaingiza godoro. Chakula kinaweza kupunguzwa, nguo zinaweza kusubiri, hata safari ya kwenda Kariakoo kutafuta kompyuta mpakato iliyotumika inaweza kuahirishwa, kodi haiahirishwi. Mwenye kupata fedha ileile wiki kadhaa baada ya masomo kuanza huwa amekwisha kukopa kwa rafiki, kwa ndugu na kwenye simu, kiasi kwamba siku fedha inapoingia huwa tayari ni mali ya watu wengine. Nilipomkabidhi mama mwenye nyumba kodi yake kabla hajaniuliza, alinitazama akasema, “Mwanangu, mwaka huu hatutasumbuana.” Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, nilihudhuria mihadhara ya wiki za mwanzo bila kuwaza nitalala wapi mwisho wa mwezi.

Ni haki kuulinganisha mfuko huu na njia ambayo wengi wetu huitegemea, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Bila bodi hiyo, madarasa mengi ya Mlimani yangekuwa na viti vitupu, na hatua ya kuipandisha posho ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku ilionekana waziwazi kwenye sahani za wanafunzi. Hata hivyo mkopo ni deni. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe, na ingawa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, makato hayo bado yanaingia katika hesabu za kijana anayetarajiwa pia kuwasomesha wadogo zake. Ufadhili haurudishwi. Ninapofikiria kuanza kazi katika karakana ndogo yenye mshahara mdogo lakini yenye mengi ya kujifunza, ninaweza kulifikiria jambo hilo hadi mwisho.

Sifa nyingine ya mfuko huu ni kwamba haubagui tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo aliyosoma mtu kidato cha tano na sita. Serikali ilianzisha Ufadhili wa Samia mwaka 2022 kwa ajili ya wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, na ni jambo jema kwa nchi inayohitaji wahandisi na madaktari. Lakini mtoto wa mkulima aliyefaulu vizuri historia, jiografia na Kiswahili naye ana kodi ya kulipa. Katika kundi letu wamo wanaosoma sheria, ualimu na isimu, na sijaona dalili yoyote kwamba wao wanathaminiwa pungufu.

Sharti la ufaulu ni kali lakini ni la haki. Mfadhiliwa hutakiwa kubaki na wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.5, ambao katika chuo chetu ndio mwanzo wa daraja la pili la juu. Anayeteleza hapewi barua ya kufukuzwa. Huitwa, husikilizwa, kisha hupewa muhula mmoja wa kujirekebisha huku fedha zikiendelea kulipwa. Wanaojua hisabati za uhandisi za mwaka wa kwanza zinavyoangusha watu wenye akili nzuri wataelewa kwa nini ninaiona huruma hiyo kuwa ya lazima.

Kasoro ya kwanza ipo kwenye fedha za vitabu na viandikwa, ambazo hurejeshwa kwa mwanafunzi baada ya kuwasilisha risiti za mashine. Mwanafunzi wa Dar es Salaam hanunui vitabu vipya kila wiki. Yeye hutoa nakala za sura anazozihitaji kwenye stesheneri za jirani na chuo, huchapisha ripoti zake hapohapo, na hununua kikokotoo kilichotumika kutoka kwa kaka wa mwaka wa nne anayemaliza. Mauzo mengi ya aina hiyo hayana risiti ya mashine. Matokeo yake ni kwamba fedha zilizotengwa kwa ajili yetu hubaki mikononi mwa mfuko, nasi huchota kwenye posho ya chakula ili kulipia karatasi. Kiasi kidogo cha kila muhula kinachotolewa bila risiti, na kuthibitishwa kwa maelezo mafupi ya mwanafunzi, kingemaliza tatizo hilo.

Kasoro ya pili inaniuma zaidi. Kila mwaka hufanyika hafla ya kukabidhi hundi ya mfano, na wafadhiliwa wapya huombwa kusimama mbele ya wageni na kamera kueleza walikotoka: nyumba ilikuwaje, nani alifariki, walilala na njaa mara ngapi. Sina shaka kwamba wafadhili wanastahili kujua fedha zao zinakwenda wapi, na ninawashukuru kwa moyo wote. Lakini taarifa za umaskini wetu tulikwisha kuziandika kwenye fomu, zikagongwa mhuri wa serikali ya mtaa, zikahakikiwa na watu waliofika hadi nyumbani. Kumtaka binti wa miaka kumi na tisa azirudie kwenye kipaza sauti, kisha picha yake isambazwe kwenye simu za wanafunzi wenzake kabla hajafika darasani, ni kumtoza kwa heshima yake kile alichoambiwa kuwa ni bure. Hafla ibaki, na wafadhiliwa waeleze wanachosoma na wanachotaka kukijenga. Wageni watakuwa na mengi ya kusikiliza.

Pamoja na hayo, ningemshauri ndugu yangu wa damu auombe ufadhili huu. Maombi hufunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa, na muda wake ni mfupi, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), na nakala za vyeti vya shule zipelekwe kwa wakili wakati foleni bado ni ndogo. Atakapofika kwenye usaili, baada ya kujibu maswali ya jopo, aulize naye swali lake: posho ya muhula wa kwanza huingia benki tarehe ngapi.