Seti ya useremala ya watoto nimeijutia, Jumamosi za kwa fundi ndo zimetuokoa (Tabora)

Naandika hapa kwa sababu tangu niweke ile picha ya Junia na nyundo kwenye status nimeshaulizwa na watu kama wanne hivi ile seti nilinunua wapi. Jibu fupi ni msinunue. Jibu refu ndo hili, na linaishia kwa fundi seremala mmoja huku Isevya ambaye kiukweli ndo mwenye nyota zake.

Kwanza mjue mimi sio fundi. Nauza vifaa vya umeme, na kwenye mambo ya mbao nilikuwa najua kitu kimoja tu, kwamba kitanda cha mninga unakirithisha. Watoto ninao wawili, Dada ana miaka 8 na Junia mitano anakaribia sita. Likizo ya mwezi wa sita walinimaliza na simu, yani unarudi jioni simu ya mama yao ina chaji asilimia mbili na wao wamekaa wanaitolea macho kama abiria anayesubiri treni iliyochelewa. Nikasema ngoja niwatafutie kitu cha kushika.

Nikakutana na tangazo la duka moja la Kariakoo, seti ya useremala ya watoto, vipande 20 ndani ya kisanduku kizuri, nyundo, msumeno, koleo, bisibisi, tepu, elfu 45 mpaka Tabora kwa basi. Picha ilikuwa tamu aisee. Mzigo ukafika kesho yake, nikaufuata stendi na boda, tukafungua sebuleni watoto wanapiga makofi. Msumeno una meno kama ya kitana. Nimejaribu mimi mwenyewe, mtu mzima wa kilo 80, dakika tano nzima juu ya kipande cha ubao na nilichopata ni mstari. Tepu nililinganisha na ya dukani kwangu, kwenye mita moja inadanganya nusu sentimita. Lakini nyundo ndo ilinikata maini, Junia kaipiga kama mara sita hivi kichwa kikachomoka kikaruka mpaka kwenye sufuria ya maharage ya mama yao. Siku ile tulicheka sana, ila usiku nikawa nafikiria kama kingempata dada yake usoni ingekuwaje. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu "hiyo ni ya kuchezea bosi". Kwenye tangazo imeandikwa vifaa halisi! Nyota moja, na hiyo moja ni ya kisanduku, Dada anawekea rangi zake.

Kosa la pili ni langu, simsingizii mtu. Nikaona shida ni vifaa, basi nikaazima nyundo kwa jirani nikaokota kipande cha mninga kilichobaki tulipotengeneza mlango. Huku kwetu ukisema mbao bila kutaja jina mtu anaelewa mninga, kwa hiyo hata sikufikiria. Dada kashika msumari wa inchi mbili, kapiga, umepinda. Wa pili umepinda. Wa tatu nikasema lete baba akuoneshe, nikajipiga kidole gumba mpaka nikaona nyota mchana. Mtoto ananiangalia tu, alafu anasema taratibu "baba, hii mbao haitaki". Akaenda zake kwenye simu. Mimi nikabaki na kidole kwenye bakuli la maji.

Fundi nilimpata kwa bahati, nilienda kuulizia bei ya kabati la viatu nikakuta wajukuu zake wawili wamekaa kwenye maranda wanapiga msasa, wametulia kabisa. Nikamuuliza mzee hawa unawafundishaje, akasema walete wa kwako Jumamosi ila na wewe ukae. Hilo ndo sharti lake kubwa. Haachiwi watoto, anasema yeye sio chekechea, mzazi anasimama benchi moja na mwanae mwanzo mpaka mwisho. Bei ni elfu 10 kwa Jumamosi moja, mzazi na watoto wasiozidi wawili, saa tatu mpaka saa sita, vipande vya mbao na misumari vya kwake.

Jumamosi ya kwanza tumefika anatupokea na mwangaluka yake, ile salamu ya asubuhi ya huku kwetu, watoto shikamoo babu, marahaba wajukuu zangu, nikamsimulia ile habari ya mninga akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akasema msumari wa inchi mbili kwenye mninga mkavu bila kutoboa kwanza hata yeye unampinda, sasa mtoto wa watu amekosa nini. Alafu akafanya kitu ambacho mimi kama mzazi ningelipia hiyo elfu 10 kwa hicho peke yake. Akamwaga mabaki ya mbao chini, mninga, mkurungu, na paini ile nyeupe inayotoka Mafinga, akawaambia kila mtu achukue kipande akikandamize kwa ukucha. Kwenye mninga ukucha unateleza tu. Kwenye paini unaacha kialama kama mwezi mchanga. Akawaambia mbao inayokubali ukucha wako ndo ya kwako, hizo nyingine zinakusubiri ukue. Dada akatumia kama nusu saa nzima kupanga vile vipande mafungu mawili, ananusa, anakandamiza, anatupia huku na huku, na mpaka leo tukienda kwa watu anakandamiza meza zao na ukucha, naombeni mtuvumilie.

Akatuambia pia vumbi la mninga linawasha pua na kifua, na mbao ngumu kwa ujumla vumbi lake sio la kuvuta, kwa hiyo watoto wanapiga msasa paini tu, tena nje chini ya mwembe.

Mambo ya usalama nilikuwa na wasiwasi nayo zaidi ya kitu chochote, kwa hiyo niseme kidogo. Junia alipandishwa juu ya kreti la soda lililogeuzwa mpaka benchi likamfika kiunoni, maana fundi anasema mtoto akinyoosha mikono juu ndo anapojikata. Mbao inabanwa kwenye jiriwa, hamna kumshikia mtoto mbao kwa mkono, wala yeye hashiki, mikono yote miwili iko kwenye mpini wa msumeno. Msumeno wenyewe ni wa kwake wa zamani ameukata ukabaki kama sentimita 30 akaunoa upya. Kuanza unavuta nyuma mara tatu mpaka upate kinjia, ndo usukume. Vuta, vuta, vuta, haya sukuma. Junia alikuwa anaimba hivyo mpaka nyumbani bafuni. Msumari ni wa inchi moja na haushikwi na vidole, unabanwa na kibanio cha nguo, kile kile cha kuanikia, kidole kinakaa mbali kabisa na nyundo. Nilipokiona kile kibanio nikaangalia kidole gumba changu ambacho ukucha wake bado ulikuwa mweusi.

Patasi ina sheria yake. Kwa fundi huyu mtoto hagusi patasi mpaka ameng'oa meno ya mbele ya utoto. Sijui katoa wapi ila watoto wanaielewa kuliko ukiwaambia miaka. Dada alifungua mdomo akaonesha, akapewa patasi, tena kali, kwa sababu mzee anasema butu ndo inayoteleza na kukurukia. Junia alifungua mdomo akaambiwa bado. Alinuna kama mtu aliyenyimwa soda.

Kuhusu mimi sasa. Dakika kumi za mwanzo nilikuwa nampokonya Junia nyundo kila msumari ukilala kidogo, sio kwa ubaya, mkono unaenda wenyewe. Fundi hakusema kitu, akaja akaniwekea mbele kipande cha mbao na randa akasema baba Junia nitolee mguu wa stuli hapo. Ilinichukua Jumamosi mbili na ule mguu una tumbo, lakini mikono yangu ilikuwa na kazi. Niliponyanyua kichwa Junia kashapigilia misumari minne, miwili imelala, na kaing'oa mwenyewe kwa koleo.

Jumamosi ya tatu umeme ulikatika. Kumbe kelele tulizokuwa tumezizoea ni za mashine ya jirani upande wa pili wa ukuta, ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza watoto wakaanza kusikia mbao. Fundi akawaambia wasikilize randa, ukienda na nyuzi inatoa sauti kama mtu anapasua kitambaa kwa upole, ukienda kinyume inakwama inakoroma na juu ya mbao panabaki mikwaruzo. Akawafumba macho akawa anaranda wao wanasema "nyuzi" au "kinyume". Dada alikosa moja tu. Mimi nilikosa nyingi sitataja idadi.

Fundi kazi yake kubwa ni mizinga ya nyuki, si mnajua Tabora na asali, na Dada akapewa kazi ya vile vijiti vya juu ambavyo nyuki wanajengea masega. Upana milimita 32. Sio 30, sio 35. Mzee akamweleza ukivifanya vipana au vyembamba nyuki wanaunganisha sega la kijiti hiki na kile, siku ya kurina ukinyanyua kimoja vinakuja vyote, asali inamwagika, na wewe unakimbia. Akamalizia "nyuki wanapima kuliko mwalimu wako". Mtoto ambaye shuleni milimita na sentimita zilikuwa zinamchanganya alikaa na tepu na penseli asubuhi nzima, vijiti 11, vitatu fundi alivikataa na yeye hakulia, alivipiga msasa tena, kimoja kikazidi kuwa chembamba kikaenda kwenye kuni. Jirani yangu mmoja aliniambia mtoto wa kike unampeleka kwa maseremala anafuata nini. Nikamwambia anafuata milimita.

Junia yeye katengeneza kibubu. Boksi la paini, chini plaiwudi, juu tundu la kuingizia hela. Tundu fundi kachora, Junia kazungusha keekee ya mkono matundu manne yamepangana, dada yake kayaunganisha kwa patasi. Tumefika nyumbani kwa shangwe, mama yao katoa sarafu ya mia tano, inakwama katikati, haiingii haitoki. Ilibidi nikunje msasa mara mbili nipitishe kama nafuta meno, robo saa. Alafu Junia akaona mfuniko haujakaza vizuri akaongeza misumari bila kuuliza mtu. Kwa hesabu ya leo kibubu kina misumari 19 na shilingi elfu moja mia saba. Siku ya kukivunja tutahitaji shoka.

Malalamiko yapo, msidhani nimelipwa. Saa tatu ya fundi ni saa nne kasoro, zoeeni. Miwani ya kukinga macho hana, nimenunua zangu. Choo ni cha kuomba nyumba ya pili. Na kilichoniudhi kweli, Jumamosi ya pili mteja alikuja na haraka zake na mzee akawasha msumeno wa duara watoto wakiwa mle ndani, vumbi na makelele, wakati mwanzoni tulikubaliana hauwashwi mpaka tuondoke. Nikawatoa watoto nje na nikamwambia. Aliomba radhi, haijarudia, lakini ukienda simamia hilo tangu siku ya kwanza usione aibu. Hiyo ndo nyota niliyoikata, nne kati ya tano.

Vifaa vya nyumbani nimekuja kununua kidogo kidogo dukani hapa hapa mjini kwa ushauri wake, nyundo ndogo ya gramu 200 elfu 8, klempu mbili za kubania mbao elfu 14, misumari ya inchi moja nusu kilo, msasa shiti tatu, vibanio vya nguo nimeiba kwa mke wangu. Haijafika hata elfu 45 ya ile seti. Mabaki ya paini ukiomba kwa upole karakana nyingi wanakupa bure, au unaacha hela ya maji. Ah, na mkitaka kutia skrubu, isugueni kwanza kwenye sabuni ya mche, mtoto anaizungusha mwenyewe bila kukuita.

Simu bado wanashika, nisiwadanganye. Ila Ijumaa usiku nakuta viatu vya Jumamosi vimeshapangwa mlangoni. Na Junia kila asubuhi akishapiga mswaki anajisukuma meno ya mbele kwa ulimi. Juzi la chini limeanza kucheza. Kaniambia nisimwambie mama kwanza, nimwambie fundi.