Zahanati moja Ngamiani: mkojo wa mdogo wangu uliitwa uchafu

Nilishasamehe, wallahi. Lakini leo nimemwona mdogo wangu akishindwa kuvaa ndala kwa uvimbe, nikasema hapana, naandika.

Yeye ni mvuvi. Alijikata na chaza kule Sahare, kidonda kikatunga usaha, usiku homa na kutetemeka. Nikampeleka zahanati moja ya binafsi hapa Ngamiani, Tanga. Malaria haikuonekana, dawa ya malaria akapewa vilevile, na sindano za antibiotiki siku mbili, na diklofenaki ya maumivu. Nendeni nyumbani.

Siku chache baadaye miguu ikajaa madoa ya zambarau, kuanzia vifundoni kupanda juu. Nikiyabonyeza hayapotei, nikipitisha kidole nayasikia yameinuka. Asubuhi akakojoa mkojo kama chai ya rangi iliyokolea, una povu. Nikautia kwenye kikopo cha asali, nikakifunga na leso, nikapanda nacho bodaboda nimekipakata.

Nikakiweka dirishani pale zahanati. Yule dada alikuwa anahesabu chenji, hakutazama. "Ondoa uchafu wako hapa. Mwambie anywe maji." Nikamwambia, dada yangu, huu mkojo una damu. Akasema mbele ya watu wote, "Kwani we ndo daktari?" Akakisukuma kikopo kwa ncha ya kalamu. Ncha ya kalamu! Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi.

Nilitaka kuwapa sifuri. Ila haki ya mtu isemwe: kijana wa maabara alinifuata mpaka mlangoni, akatumbukiza kijiti cha kupimia mkojo, kikageuka rangi palepale. Akaninong'oneza, "Mama, mpeleke hospitali kubwa leo, usingoje kesho." Mungu amlipe.

Huko daktari alitukalisha akatueleza. Bakteria wakitoka kidondani wakaingia kwenye damu, kinga ya mwili katika kupambana nao inaweza kuumiza mishipa midogo ya damu na vichujio vya figo. Kumbe madoa na mkojo ule vilikuwa kitu kimoja! Presha ilikuwa juu, na kreatinini, uchafu wa damu ambao figo huuchuja, nayo juu. Moyo ukapigwa ultrasaundi, maana wadudu hao huweza kujibanza kwenye vali. Wakamtoa damu mikono yote miwili ili waioteshe maabara, waone ni wadudu gani, na hapo daktari akauliza kama ameshachomwa antibiotiki. Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi. Damu ya kuotesha hutolewa kabla ya dawa, wadudu waliokwisha kupigwa sindano huenda wasiote. Diklofenaki akaipiga marufuku, inaumiza figo. Dawa za steroidi nazo akasema tusubiri mpaka maambukizi yadhibitiwe, kwa sababu zinashusha kinga.

Basi niliandika nyota mbili, zote za yule kijana. Juzi nikapita pale nimshukuru kwa mkono wangu, nimembebea na samaki. Nikaambiwa ameacha kazi. Yule dada yupo dirishani, kalamu mkononi.

Nyota nimezifuta zote mbili.