Rclone: uzoefu wangu na mafaili ya studio, Kisumu hadi Nakuru

Tuko na studio ya video hapa Kisumu, tunashuti harusi, matanga, mikutano ya makanisa, na kuna wenzetu wako Nakuru wanafanya kazi hiyo hiyo. Shida yetu haijawahi kuwa kukosa mahali pa kuweka mafaili, shida ni mahali pamezidi: NAS ofisini (kisanduku cha diski kinachotumiwa na ofisi nzima kwa mtandao), Google Drive ya kila editor, baketi ya S3 (hifadhi ya kukodi ya Amazon mtandaoni), halafu wateja wengine wanataka kazi yao kwa OneDrive. Mtu akiuliza video ya Ahero iko wapi, kila mtu anataja mahali pake.

Sasa rclone ni programu ya bure kabisa ya kunakili na kulinganisha mafaili, ilianzishwa na Nick Craig-Wood, na inaongea na huduma za kuhifadhi mafaili zaidi ya 70, kwa hivyo NAS, Drive na S3 zote unaziagiza na amri zile zile. Ukweli ni kwamba kazi yake ni ya kuandika amri kwa taminali, kama umezoea kubonyeza bonyeza itakusumbua mwanzoni. Lakini vumilia. Kila usiku inatutolea orodha ya mafaili yote ya kila mahali kwa "rclone lsf", tunaiweka pamoja, mtu anatafuta jina tu na anajua iko upande gani. Hiyo peke yake imemaliza kelele nyingi ofisini.

Kitu nazidi kukipenda ni "rclone check". Kabla tufute chochote kwa memori kadi inalinganisha kila faili hapa na pale kwa hash (alama inayopigiwa hesabu kutoka kwa yaliyo ndani ya faili), si jina na ukubwa peke yake, bora pande zote mbili ziwe na aina moja ya hash, na harusi ya mtu hairudiwi jamani, lazima uwe na uhakika. Halafu kuna --bwlimit, unaipangia saa, mchana inatumia intaneti kidogo ndio wengine wafanye kazi, jioni unaiachilia yote.

Mahali inaniudhi ni stima. Ikipotea katikati ya kupandisha, mafaili yaliyokwisha fika inayaruka vizuri, lakini ile iliyokuwa njiani inaanza upya kutoka mwanzo, na kama ni faili moja ya giga 60 hapo utalia. Weka UPS (betri ya kushikilia stima ikipotea) kwa NAS na kwa rauta, usifikirie mara mbili.

Na tafadhali elewa tofauti ya amri za "copy" na "sync" kabla uguse kitu. Copy inaongeza mafaili mapya na kuandika juu ya yale yaliyobadilika, lakini haifuti kitu. Sync inafanya upande wa pili ufanane na wa kwanza, maana yake kile hakiko huku kinafutwa kule, kwa hivyo unatanguliza --dry-run inakuonyesha itafanya nini bila kufanya, unasoma, ndio unaendelea. Mwambie kila kijana mgeni ofisini hivyo siku ya kwanza.

Upande wa gharama, rclone haitozi kitu lakini wingu, yaani hizo hifadhi za mtandaoni, linatoza. Kwa huduma kama S3 kuingiza data ni bure, kutoa ndio pesa, na ukihamisha kutoka wingu moja hadi lingine data inapitia mashine yako, yaani unalipia kutoa na bando lako pia linatumika mara mbili, kushusha na kupandisha. Sisi zile tunazofungua kila wakati zinakaa NAS, wingu ni la akiba.

Rclone iko pia na crypt, inafunga kwa paswadi mafaili pamoja na majina yake kabla yatoke ofisini. Nyuso za watu, watoto, jamaa wakilia makaburini, hizo si za kuachwa wazi kwa seva ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu hata sisi wadogo. Ila paswadi ikipotea hakuna wa kukufungulia, hata aliyetengeneza rclone hawezi, kwa hivyo iandike kwa karatasi, ifungie, na ile faili ya config (inayobeba mipangilio yako yote ya rclone) ipatie nakala mahali pengine mbali na NAS.