Tairi za misumari Schwalbe Marathon Winter Plus, nimezitumia winta nzima Minneapolis

Jamani mnaokaa huku kwenye baridi na mnapenda baiskeli, hii ni yenu, maana mimi mwenyewe nilitafuta sana mtu wa kunielezea hizi tairi zenye vimisumari vya kushika barafu kwa kiswahili nikakosa. Nipo Minneapolis, Minnesota, kutoka home mpaka kazini ni kama kilomita 9, na nimeendesha kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi, kwa hiyo naongea kitu nilichokiona.

Mimi nimekulia Shinyanga, kule baiskeli ndo mguu wa mtu, unaenda nayo sokoni, shamba, unabebea gunia, unampakia mgonjwa. Nilivyokuja huku kiangazi nikawa naendesha fresh tu, ila winta ya kwanza nikaipaki kabisa, ikawa ni gari na kochi, gari na kochi, ilivyofika Aprili nimeongezeka kilo 7 na ngazi za ghorofa ya pili tu nahema. Nikasema hapana, siwezi kuupoteza mwili wangu kila mwaka miezi mitano. Winta iliyofata nikaagiza tairi za misumari za bei chee kwenye duka moja la mtandaoni, kumbe misumari yake ni chuma cha kawaida, wiki chache tu za kusuguliwa na lami imelika imekuwa butu, asubuhi moja nakata kona chini ya daraja tairi la mbele likateleza, nikaenda chini na bega nikaliuguza wiki tatu.

Ndo nikahamia hizi. Jozi ilinitoka zaidi ya dola 100 na niliumia kuzilipa, sasa hivi siumii hata kidogo. Misumari yake ina ncha za tangsteni kabaidi, ni ngumu sana kuliko chuma cha kawaida, na kwenye size yangu ya inchi 28 kila tairi lina zaidi ya 200, imepangwa mistari minne, miwili karibu na katikati na miwili pembeni. Hapo ndo kuna utamu wake, ukijaza upepo ile ya pembeni inakuwa haigusi sana chini, unaenda mwepesi na kelele zinapungua, ukipunguza upepo tairi linakaa bapa kidogo na misumari yote inaanza kung'ata. Siku za barafu mimi naweka psi 45 (psi ndo kipimo cha upepo wa tairi), lami ikiwa kavu naongeza. Na ukizifunga mara ya kwanza tembea nazo kilomita 40 hivi kwenye lami taratibu, bila kupiga breki za ghafla wala kukanyaga kwa nguvu, ili misumari ijikalie vizuri kwenye mpira, usiruke hiyo hatua.

Njia yangu kubwa ni Midtown Greenway, ile iliyokuwa reli zamani, ipo chini ya usawa wa barabara na madaraja yanapita juu, kwa hiyo upepo unapungua na theluji wanaifagia mapema. Shida ni kwamba mchana theluji inayeyuka, maji yanatiririka njiani, usiku yanaganda tena, asubuhi unakuta kioo. Barafu hiyo huwezi kuiona vizuri hata ukiwa na taa. Na hizi tairi nimepita juu yake mara nyingi mno, unasikia tu kraa kraa kraa na baiskeli inaenda imenyooka, siku ya kwanza nilisimamisha nikashuka, mguu wangu wa kiatu ndo ukateleza, baiskeli imetulia. Kama pesa ni ya tairi moja weka MBELE, la nyuma likiteleza unaweza kulirudisha, la mbele likiondoka umeshalala chini.

Ila msitegemee miujiza kwenye theluji laini ya kina kirefu, hapo misumari haina cha kushika, kinachosaidia ni upana wa tairi, mimi nikikuta haijafagiliwa nashuka nasukuma. Na tairi zozote za misumari ni nzito na zina kelele, unatumia nguvu zaidi, kilomita 9 zangu zimeongezeka kama dakika 8. Mimi napenda hivyo, mapaja yanafanya kazi, zile kilo 7 zimeondoka zote na usingizi umerudi.

Tairi peke yake halitoshi lakini. Ikiwa nyuzi -15 za sentigredi na wewe unaenda spidi ya kilomita 20 kwa saa, hata kama hewa imetulia ngozi ya uso inapigwa kama iko kwenye -24, na ikifika kuhisika -28 kwenda chini ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Sisi wenye ngozi nyeusi ule weupe wa kuganda hauonekani haraka, kwa hiyo sikilizia ganzi, ukiona sikio au kidole hakihisi kitu ingia ndani upate joto. Ndani vaa sufu, pamba inashika jasho alafu inakugandisha, na ukitoka mlangoni ukajisikia joto tayari ujue umevaa sana. Mdomo funika, hasa mwenye pumu, hewa ya baridi kavu inabana kifua. Kwa vidole glavu zote zilinishinda mpaka nikapata ile mifuko mikubwa inayovalishwa kwenye usukani, unaingiza mikono ndani unakuta breki na gia humo humo, naendesha na glavu nyepesi tu.

Chumvi ya barabarani nayo inakula cheni vibaya, kila jumamosi naosha na maji ya vuguvugu, nakausha, naweka oili ile nzito ya kuendeshea kwenye njia zenye maji maji.

Juzi nimezivua, nikapitisha kidole msumari mmoja mmoja, yote ipo na bado ina makali. Nimezifunga kwenye mfuko mweusi nimeziweka stoo, Novemba zinarudi kazini.