Pinioni ya gari la rimoti: ununue pichi ipi ukiwa Uganda

Pinioni, ile gia ndogo inayokaa kwenye shafti ya mota, yenyewe haina bei kubwa. Kinachouma ni nauli ya mzigo na kuisubiri mpaka ikufikie Kampala, Gulu au Mbale, halafu ufungue bahasha ukute meno hayaingiani. Kwa hiyo kabla hujalipa, fungua gari uitazame gia kubwa inayozungushwa na pinioni. Hiyo ndiyo yenye amri. Ikiwa ni pichi 48, pinioni nayo iwe 48. Ukitaka kuhama pichi, nunua zote mbili.

Pichi ni ukubwa wa jino. Kwa vipimo vya inchi, namba ikipanda jino linapungua: 32 ni meno manene, 64 ni membamba. Kwa vipimo vya milimita, yaani moduli, ni kinyume: moduli 1 ni jino kubwa, 0.6 ni dogo. Ukigawanya 25.4 kwa pichi unapata moduli. Pichi 48 inatoa 0.53, wala si 0.6, hata kama kwa macho zinafanana kama mapacha. Ukizilazimisha zikae pamoja, zitatafunana. Pichi 32 inatoa 0.79, na hiyo inakwenda vizuri na moduli 0.8.

Na kama pinioni haina maandishi? Chukua kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, upime upana wake kwa milimita, ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili. Hesabu meno, ongeza mawili, kisha gawanya upana kwa jumla hiyo, upate moduli. Pinioni ya meno 20 yenye upana wa milimita 11.6 ni pichi 48, ikisoma 13.2 ni moduli 0.6, ikikaribia 17.5 ni pichi 32 au moduli 0.8.

Sasa chaguo. Kwa barabara zetu naweka 32 na 0.8 mbele, bila kusita. Kiangazi kile kivumbi chekundu hakina mahali kisipopenya, na kokoto moja ikinaswa katikati ya meno membamba inayanyoa yote. Jino nene huvumilia. Magari ya Arrma ya kundi la 3S (betri ya seli tatu), kama Granite, hutoka kiwandani na 0.8. Ubaya wake ni kelele, na ukiongeza jino moja tu mwendo unabadilika kwa hatua kubwa.

Ya pili ni 48, ile ya Traxxas Slash inayosukumwa na magurudumu mawili. Ni tulivu, na idadi za meno za kuchagua ni nyingi. Chukua gia kubwa ya meno 86: ukitoka pinioni ya 18 kwenda ya 20, uwiano, yaani meno ya gia kubwa ukigawanya kwa ya pinioni, unashuka kutoka 4.78 hadi 4.3. Gari litakimbia zaidi, lakini mota itachemka. Anayecheza kwenye nyasi ndefu au kwenye miinuko ya Muyenga apunguze meno, asiongeze. Na kifuniko cha gia kisikose, tafadhali. Wengi hukivua ili wasikie mlio, kisha wanalalamika.

Moduli 1 naipa nafasi ya tatu kwa sababu si ya kila mtu. Ni ya magari mazito ya 1/8 (sehemu moja ya nane ya ukubwa wa gari halisi) kama Arrma Kraton 6S, na tundu la pinioni yake huwa la milimita 5, wakati mota nyingi za magari ya 1/10 zina shafti ya milimita 3.17. Moduli 0.6 inafuata: mwenye gari la Tamiya TT-02 aichukue, wengine waiache. Pichi 64 iko mkiani. Ni ya mashindano kwenye zulia au lami iliyofagiwa, na sisi tunacheza wapi?

Ukishajua pichi, chagua chuma kigumu. Za alumini ni nyepesi, lakini vumbi huzila upesi. Wakati wa kufunga, skrubu ndogo ya pinioni ikae juu ya ule upande bapa wa shafti, na uipake gundi ya skrubu kidogo. Kisha pitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, sukuma mota ibane, kaza, halafu zungusha gia karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo bila kuchanika, nafasi iko sawa. Ikichanika, legeza mota uirudishe nyuma kidogo.